Nywele Zinaponyonyoka: Mzazi Anayetibiwa Saratani na Maswali ya Watoto Wake

Makala ya leo yanaangazia jambo ambalo hospitalini mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja, kisha mazungumzo yakahamia mambo mengine, ilhali nyumbani huweza kuwa zito kuliko sindano yenyewe. Jambo hilo ni kunyonyoka kwa nywele za baba au mama anayetibiwa saratani kwa tiba ya kemikali, tiba ambayo wengi huiita kemo kwa ufupi.

Mtu mzima asiye na watoto hukabiliana na kioo. Mzazi hukabiliana na kioo, kisha hukabiliana na macho yanayomtazama wakati wa chai ya asubuhi. Maumivu anaweza kuyaficha. Kichefuchefu anaweza kukisingizia chakula cha jana. Uchovu anaweza kuuita mafua. Lakini kichwa kisicho na nywele hakifichiki kwa mtoto aliyezoea kuzishika nywele za mama yake hadi usingizi umchukue. Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo siku ambayo ugonjwa huingia nyumbani kwa sura inayoonekana.

Kazi ya kuwaeleza watoto haibagui cheo. Tarehe 22 Machi 2024, Catherine, Binti Mfalme wa Wales, alitangaza kwa njia ya video kwamba amegundulika kuwa na saratani na kwamba alikuwa ameanza tiba ya kemikali ya kinga. Katika tangazo hilo alisema kwamba yeye na mumewe walihitaji muda wa kuwaeleza watoto wao watatu kwa namna inayowafaa, na kuwatuliza. Wakati huo George alikuwa na umri wa miaka 10, Charlotte 8, na Louis 5. Mwezi Septemba mwaka huohuo alitangaza kwamba amemaliza tiba hiyo. Kasri lina madaktari, walinzi na washauri wa habari, lakini kazi ya kutafuta maneno ya kumwambia mtoto wa miaka 5 ilibaki kuwa ya wazazi.

Sasa fikiria, msikilizaji, familia isiyo na kasri. Mama anafanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leicester au Birmingham. Baba ni dereva. Bibi yuko Mombasa, shangazi yuko Muscat, na watoto watatu wanasoma shule ambako hakuna mwalimu anayejua Kiswahili. Kwa familia kama hiyo, habari ya ugonjwa huzunguka dunia kwa simu kabla haijavuka ukumbi kufika chumba cha watoto.

Kabla ya kutazama namna ya kusema na watoto, ni vyema kuelewa kinachotokea mwilini, kwa sababu maelezo mazuri kwa mtoto hutegemea jambo hilo.

Dawa nyingi za kemo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, kwa kuwa kugawanyika bila kikomo ndiyo tabia ya seli za saratani. Tatizo ni kwamba dawa hizo hazina macho ya kumtambua rafiki na adui. Seli zilizo kwenye shina la unywele ni miongoni mwa zile zinazogawanyika haraka sana mwilini. Ndivyo zilivyo pia seli zinazotandaza ngozi ya ndani ya mdomo na utumbo, na seli za uboho wa mifupa zinazotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa yuleyule anaweza kupata vidonda mdomoni, kuharisha, kupungukiwa damu na kunyonyoka nywele. Zote hizo ni kazi za dawa moja.

Kwa kawaida nywele huanza kutoka wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza. Huonekana kwanza chache juu ya mto, kisha kwenye kitana, kisha kwa mafungu bafuni. Ngozi ya kichwa huweza kuuma siku chache kabla. Nyusi, kope, ndevu na nywele za mwilini nazo huweza kutoka, mara nyingi baadaye kidogo. Hata hivyo, si kila dawa ya kemo huleta hali hiyo. Dawa kama doksorubisini na paklitakseli, ambazo hutumika sana katika saratani ya matiti, huwaacha wagonjwa walio wengi bila nywele. Nyingine huzipunguza tu, na nyingine haziziathiri kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mzazi anayo haki ya kumuuliza daktari wake mapema: je, dawa hii itaondoa nywele zangu, na lini?

Ndani ya maelezo hayo kuna jambo moja ambalo mzazi anapaswa kulishika kuliko yote. Nywele hutoka kwa sababu ya dawa, wala si kwa sababu ya ugonjwa. Mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kuondolewa kwa upasuaji anaweza kubaki bila unywele hata mmoja kwa sababu anapewa kemo ya kuzuia isirudi. Na mgonjwa ambaye saratani yake imeenea anaweza kuwa na nywele tele kwa sababu dawa anayotumia haizigusi. Kichwa cha mgonjwa hakionyeshi ugonjwa umefika wapi. Kinaonyesha tu kwamba dawa fulani imo mwilini.

Mtoto halijui jambo hilo. Yeye husoma kile anachokiona. Mama alikuwa na nywele, sasa hana. Basi mama anazidi kuugua. Kesho akiona nyusi nazo zimetoweka, huhesabu kwamba hali imekuwa mbaya zaidi. Asipopewa maana ya kweli mapema, atajitungia yake mwenyewe, na mara nyingi maana anayoitunga mtoto hutisha kuliko ukweli.

Katika jamii zetu maana hizo ni nyingi. Mtoto mchanga wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba, na watu hula na kufurahi. Haji hunyoa kichwa Makka akarejea nyumbani kwa heshima. Katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania, wasichana kwa wavulana hutakiwa kuweka nywele fupi kabisa, na hakuna anayeshangaa. Lakini kichwa kilichonyolewa kina lugha nyingine pia. Miongoni mwa Wajaluo na jamii nyingine kadhaa za Afrika Mashariki, kunyoa ni sehemu ya mila za msiba. Hata katika ususi wa pwani kuna mtindo wa haraka unaoitwa twende kilioni. Mtoto aliyelelewa katikati ya desturi hizo, au aliyezisikia kwa bibi yake, anaweza kumwona mama yake amenyoa akajiuliza: nani amekufa? Au mbaya zaidi: nani atakufa?

Wazazi wengi, hasa walio ughaibuni, huchagua kunyamaza. Nia yao ni njema. Hawataki kuwasumbua watoto wakati wa mitihani. Hawataki habari ifike shuleni, au kwa majirani. Wengine hawataki hata kulitamka neno saratani, wakihofu kwamba kulitaja ni kuliita. Lakini kimya hicho kina matundu. Mtoto aliyezaliwa London au Chicago huenda akajibu kila swali kwa Kiingereza, na wazazi wakadhani Kiswahili chake ni cha salamu tu. Kumbe anaelewa. Husikia mama akizungumza na dada yake kwa simu iliyowashwa sauti jikoni. Husikia "madaktari wamesema", husikia "tumuombe Mungu", kisha huona mlango unafungwa. Kutokana na vipande hivyo huunganisha habari yake mwenyewe, na humo mara nyingi hujipa hatia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa kawaida methali hiyo huelekezwa kwa mgonjwa anayewaficha wanaoweza kumtibu. Lakini inaweza kusomwa upya kwa ajili ya watoto. Mzazi anayewaficha hukosa msaada wao, nao hukosa wake, ilhali wote wanaishi chini ya paa moja wakiogopa kitu kilekile.

Je, mzazi aseme lini? Washauri wa wagonjwa wa saratani wanakubaliana kwamba ni bora mtoto aambiwe kabla nywele hazijaanza kutoka. Zile wiki 2 au 3 baada ya dozi ya kwanza ni nafasi adimu. Katika siku hizo mzazi bado ana sura ileile anayoijua mtoto. Akisema leo kwamba nywele zitatoka wiki ijayo, na wiki ijayo zikatoka kweli, mtoto hujifunza kwamba mama anajua kinachoendelea, na kwamba maneno yake yanaaminika. Akigundua mwenyewe, hujifunza kinyume chake.

Maneno yenyewe hayahitaji kuwa mengi. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 yanaweza kuwa hivi: "Mwanangu, mama ana ugonjwa mwilini. Unaitwa saratani. Daktari ananipa dawa yenye nguvu sana. Dawa hiyo itafanya nywele zangu zitoke zote. Haitaniuma zinapotoka. Dawa ikisimama, zitaota tena." Mtoto akisikiliza nusu yake kisha akarudi kwenye michezo, asilazimishwe. Atarudi kuuliza, pengine wakati wa kuoga, pengine ndani ya gari, pengine mbele ya wageni. Swali lijibiwe palepale lilipoulizwa, kwa kifupi.

Jina la ugonjwa litajwe, tena kwa lugha zote mbili, Kiswahili na ile ya shuleni. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba mama "anaumwa tumbo" ataogopa siku yeye mwenyewe atakapoumwa tumbo. Na yule asiyelijua jina ataletewa na mwenzake uwanjani, likiwa limeambatana na habari ya babu fulani aliyekufa.

Mtoto wa umri wa miaka 7 hadi 11 hutaka kujua namna mambo yanavyofanya kazi. Huyu anaweza kuelezwa habari ya seli zinazogawanyika na dawa isiyobagua. Anaweza kupewa kalenda ya siku za dozi aitie alama. Kijana wa miaka 13 na kuendelea hujua mengi kuliko anavyosema, na huenda tayari amekwisha kutafuta kwenye intaneti usiku peke yake. Yeye anahitaji ukweli kamili zaidi, lakini pia ruhusa ya kuendelea kuwa kijana: kwenda mpirani, kucheka, kukasirika, hata kuona aibu mama anapokuja shuleni na kitambaa kichwani. Aibu hiyo si ukosefu wa adabu wala wa mapenzi. Ni umri.

Kwa watoto wa umri wote, kuna mambo matatu ambayo hayana budi kusemwa waziwazi, hata kama hawajauliza. La kwanza, si kosa lao. Mtoto mdogo anaweza kuamini kabisa kwamba siku ile alipokasirika na kusema "sikutaki mama" ndiyo iliyoleta ugonjwa. La pili, saratani haiambukizi kwa kukumbatiana, wala nywele zao hazitatoka kwa kulala karibu na mama au kutumia kitana chake. La tatu, wao watatunzwa. Nani atawapeleka shule siku ya dozi, nani atapika, nani atakuwa nyumbani usiku. Jambo hili la tatu watu wazima huliona dogo, lakini kwa mtoto ndilo swali lenyewe.

Halafu lipo swali ambalo kila mzazi huliogopa: "Mama, utakufa?" Katika desturi zetu mtoto akiuliza hivyo huambiwa "nyamaza, usiseme maneno hayo". Jibu hilo humfunza kwamba hofu yake ni ya kuibeba peke yake. Wala si vyema mzazi kuahidi asilolijua. Anaweza kusema kweli pasipo kuvunja moyo: "Watu wengine hufa kwa ugonjwa huu, na wengi hupona. Madaktari wananitibu, nami ninakunywa dawa zote. Kwa sasa sijaambiwa kwamba nitakufa. Likitokea jambo jipya, nitakuambia mimi mwenyewe." Ahadi ya mwisho ndiyo ambayo mzazi ana uwezo wa kuitimiza. Anayetaka kuongeza kwamba maisha ya kila mmoja yako mikononi mwa Mungu na aongeze, lakini baada ya kujibu, si badala ya kujibu.

Inafuata siku ya kunyoa. Wagonjwa wengi hupendelea kukata nywele fupi kabla hazijaanza kutoka, kisha kuzinyoa zote zinapoanza kudondoka, ili wasiamke kila siku na mafungu juu ya mto. Kwa wanawake wenye rasta au nywele zilizosukwa kwa kukazwa, inafaa zifumuliwe mapema, kwani nywele zikitoka ndani ya msuko hujisokota na kuvuta ngozi ambayo tayari inauma. Wembe uepukwe. Kemo hupunguza seli nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, na pia chembe zinazogandisha damu, hivyo mkwaruzo mdogo unaweza kuleta maradhi makubwa. Mashine ya kunyolea ya umeme ni salama zaidi.

Je, watoto washirikishwe? Wengine hupenda. Mtoto anaweza kushika mkasi kwa msoto wa kwanza, au kuchagua rangi ya kitambaa, au kuhifadhi msuko mmoja kwenye bahasha. Katika nyumba ambamo Jumamosi ni siku ya mama kumsuka binti yake, kuna heshima fulani binti anapopewa nafasi ya kumhudumia mama. Lakini asilazimishwe. Mtoto anayekimbilia chumbani asiitwe mwoga. Na mzazi akitokwa machozi wakati mashine inapita kichwani, si lazima ayafiche. Inatosha kusema: "Ninalia kwa sababu nilizipenda nywele zangu." Mtoto ataelewa kwamba analilia nywele, na kwamba hajapokea habari mbaya asiyotaka kuisema.

Msikilizaji, wapo wanaouliza iwapo nywele zinaweza kuokolewa. Ipo njia ya kupoza ngozi ya kichwa kwa kofia maalumu yenye baridi kali. Baridi hiyo huminya mishipa midogo ya damu, hivyo dawa kidogo zaidi hufika kwenye shina la unywele. Kofia huvaliwa kabla dawa haijaanza kuingia, wakati inapoingia, na kwa muda baada ya hapo. Mojawapo ya kampuni zinazojulikana zaidi katika teknolojia hii, Paxman ya mjini Huddersfield nchini Uingereza, ilianzishwa na Glenn Paxman, ambaye familia yake ilikuwa katika biashara ya mitambo ya kupoza bia, baada ya mkewe kupoteza nywele kwa kemo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, takriban nusu ya wanawake wenye saratani ya matiti waliotumia kofia hiyo walibakisha nywele za kutosha, ilhali wasioitumia walizipoteza wote.

Hata hivyo kuna tahadhari mbili. Kofia hiyo haifai kwa saratani za damu. Pia matokeo yake kwa nywele za kipilipili yamekuwa dhaifu, kwa kuwa kofia haigusi ngozi vizuri juu ya nywele nene zilizojisokota. Utafiti mdogo miongoni mwa wagonjwa weusi nchini Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, ulisitishwa mapema kwa sababu karibu wote walizipoteza nywele zao. Watafiti sasa wanajaribu namna mbalimbali za kuziandaa nywele hizo, ikiwa ni pamoja na kuzilowesha na kuzisokota, ili baridi ifike ngozini. Mgonjwa mwenye asili ya Afrika anayepewa kofia hiyo na aulize juu ya suala hilo kabla hajawaahidi watoto kwamba nywele zitabaki.

Upande wa wigi nao una mambo yake. Nchini Uingereza, wigi zinazotolewa kupitia huduma ya taifa ya afya, NHS, hupatikana bila malipo huko Scotland na Wales. Katika England wagonjwa wengi huchangia gharama, isipokuwa makundi maalumu kama vile waliolazwa hospitalini na wenye kipato cha chini wanaopata msaada wa serikali. Nchini Marekani, baadhi ya kampuni za bima hulipia iwapo daktari ameiandika wigi kuwa ni kifaa cha tiba, si pambo. Lakini wanawake weusi wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wigi wanazoonyeshwa hospitalini hazifanani na nywele zao hata kidogo. Miongoni mwa waliolisemea suala hilo nchini Uingereza ni Leanne Pero, aliyeugua saratani ya matiti akiwa kijana, kisha akaanzisha mradi wa Black Women Rising kuwasaidia wagonjwa weusi. Kwa mtoto, mfanano huo una uzito. Wigi ya nywele nyororo za kahawia juu ya kichwa cha mama aliyezoea kusuka mabutu inaweza kumshtua kuliko upara wenyewe.

Mwanamke anayevaa hijabu hudhaniwa kuwa amepona nusu ya tatizo, kwa kuwa nje hakuna anayemwona. Ni kweli mtaani anapata sitara. Lakini ndani ya nyumba, mbele ya wanawe, ndiko hijabu huvuliwa, na ndiko kichwa chake huonekana. Akianza kujifunika hata mezani na kitandani, watoto hung'amua kwamba kuna kitu kinafichwa. Baadhi ya akina mama huwaachia watoto wachague: "Leo mngependa nikae na kitambaa, au bila?" Swali dogo kama hilo humrudishia mtoto usemi kidogo katika jambo ambalo hakulichagua. Usiku wa baridi, kofia laini ya pamba husaidia, kwani kichwa kisicho na nywele hupoteza joto. Na anayevaa wigi ya nyuzi za bandia akae mbali na moto wa jiko na mvuke wa tanuri, kwa kuwa nyuzi hizo huyeyuka.

Akina baba nao wasisahauliwe. Wanaume wengi hunyoa upara kwa hiari, hivyo jamaa na marafiki hulichukulia jambo hili kwa mzaha. Lakini baba akipoteza ndevu, nyusi na kope, uso wake hubadilika kiasi kwamba mtoto mdogo anaweza kukataa kubebwa naye. Baba aliyelelewa kutolia huumia kimya. Yale yote yaliyosemwa juu ya mama yanamhusu baba pia: aseme mapema, ataje jina, aeleze kwamba ni kazi ya dawa.

Nje ya nyumba, ni vyema mwalimu wa darasa aarifiwe, na mtoto aulizwe nini angependa wenzake wajue. Amwandalie jibu moja fupi la kuwapa watakaouliza langoni: "Mama anatumia dawa, nywele zitaota tena." Mzazi na mtoto wakilizoea jibu hilo nyumbani, halitamkwama mtoto kooni shuleni.

Hatimaye dawa husimama, na nywele huanza kurudi. Kwa wengi, vinyweleo vya kwanza huonekana katika mwezi wa kwanza au wa pili baada ya dozi ya mwisho, na baada ya miezi kadhaa kichwa kinakuwa na nywele fupi. Huweza kurudi na mvi, au laini kuliko zamani, au zimejisokota zaidi. Kwa wagonjwa wachache, hasa baada ya dawa fulani kama dositakseli, hubaki chache daima. Dawa za kulainisha nywele na rangi za kemikali zisubiri kwanza, na kusuka kwa kukaza pia, mpaka nywele na ngozi zipate nguvu.

Hapa ndipo maana ya nywele inapohitaji kusemwa kwa mara ya pili, na wazazi wengi husahau. Mtoto aliyeambiwa kwamba "nywele zikirudi mama amepona" atashangilia kila sentimita moja. Lakini kurudi kwa nywele hakuthibitishi kupona, kama vile kutoka kwake hakukuthibitisha kuzidiwa. Nywele zimerudi kwa sababu dawa imesimama. Pengine imesimama kwa kuwa imemaliza kazi yake vyema. Pengine ugonjwa utarudi, dawa ianze tena, na nywele zitoke mara ya pili. Na zipo familia ambazo dawa husimamishwa kwa sababu haisaidii tena. Katika nyumba hizo mama huonekana mzuri kuliko alivyokuwa mwaka mzima, nywele zimeota, nyusi zimerudi, ilhali siku zake zinapungua. Mtoto aliyefundishwa kuzisoma nywele kuwa ni habari ya uzima atakuwa amedanganywa na macho yake mwenyewe, na msiba utamkuta kama radi. Lakini aliyeelezwa tangu mwanzo kwamba nywele ni habari ya dawa tu atajua kuuliza swali lililo sahihi: "Nywele zimerudi. Na ugonjwa je?"

Kwa swali hilo gumu ipo misaada. Nchini Uingereza, mchezaji wa zamani wa kriketi Andrew Strauss alianzisha taasisi ya Ruth Strauss Foundation mwaka 2019, baada ya mkewe Ruth, mama wa wavulana wawili, kufariki kwa saratani ya mapafu mwezi Desemba 2018. Taasisi hiyo husaidia familia kuwaandaa watoto pale ambapo mzazi hatapona. Shirika la Macmillan Cancer Support hutoa ushauri kwa simu na kwa maandishi juu ya kuzungumza na watoto. Vituo vya Maggie's, cha kwanza kikiwa kilifunguliwa Edinburgh mwaka 1996, hupokea wagonjwa na jamaa zao bila miadi na bila malipo. Aliyevibuni, Maggie Keswick Jencks, alikuwa mwenyewe mgonjwa wa saratani na mama wa watoto wawili, na alifariki mwaka 1995 kabla ya kuona kituo cha kwanza kikifunguliwa. Nchini Marekani, American Cancer Society ina huduma ya simu kwa wagonjwa na familia. Nchini Oman, Oman Cancer Association ina watu wa kujitolea wanaokaa na wagonjwa na kuwapa moyo. Na katika hospitali nyingi, muuguzi wa kitengo cha saratani ndiye mlango wa kwanza wa kubisha.

Kwa ufupi, msikilizaji, mzazi aliyepangiwa kemo na amuulize daktari kama nywele zitatoka na lini. Awaambie watoto kabla ya siku hiyo, kwa jina la kweli la ugonjwa. Awaambie kwamba si kosa lao, haiambukizi, na watatunzwa. Na awafundishe kwamba nywele husema habari ya dawa, wala si habari ya uhai na kifo. Habari hiyo wataisikia kutoka kinywani mwake.